Uliza Mkutubi: Tisa ya Baba ni Kubwa au Ndogo?

Barua nne za mwezi huu zinauliza jambo moja kutoka pembe nne: kazi ya mtafiti wa tiba ikishachapishwa, tutajuaje imefika wapi? Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu iliniuma. Tena kwa miaka 28 niliyokaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya utafiti hapa Kisumu, swali hilo ndilo nililoulizwa zaidi, na mara nyingi nililijibu kwa haraka mno.

Shikamoo Bi. Mkutubi. *Baba yetu alifanya utafiti wa malaria huko Kisumu kuanzia 1986 hadi alipostaafu. Tulimzika Agosti mwaka jana, nyumbani Seme. Usiku wa matanga, binamu yetu aliyesomea ng'ambo alifungua Scopus, hazina ya mtandaoni inayohesabu makala ipi imetajwa na nyingine mara ngapi, kwenye simu, akasoma mbele ya watu: makala 19, nukuu 684, h ni 9. Akasema anamjua profesa wa Ulaya mwenye h ya 90. Mjomba mmoja akauliza, "Miaka yote hiyo, tisa tu?" Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu hajasema na binamu tangu siku hiyo. Sasa tunaandaa ibada ya ukumbusho na kijitabu chake. Wengine wanataka hesabu hizo ziingie, wengine hawataki kuzisikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hiyo h siijui. Tisa ni kubwa au ni ndogo? Nimeambatisha orodha ya makala zake.* (Kifungua Mimba Wake, Nakuru)

Marahaba, mwanangu, na poleni nyote. Orodha yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Tuanze na hiyo h ili isitutishe tena.

Chukua karatasi, panga makala za baba kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi zaidi hadi ile isiyonukuliwa kabisa. Zinakwenda hivi: 301, 142, 77, 48, 33, 24, 17, 12, 10, 6, 4, kisha mbili zenye 3, moja yenye 2, mbili zenye 1, na tatu za mwisho hazina kitu. Sasa shuka na kidole ukihesabu. Ya kwanza ina angalau nukuu 1? Inayo. Ya pili ina angalau 2? Inayo. Endelea hivyo hadi ya tisa, yenye 10, nayo inatosha. Ya kumi ina 6, haifiki kumi. Simama. Umeishia kwenye tisa, na hiyo ndiyo h ya baba: ana makala tisa ambazo kila moja imetajwa na watafiti wengine mara tisa au zaidi. Kipimo hiki alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Watu wa tiba wakakichukua, vyuo vikakichukua, na leo watu hupandishwa vyeo kwacho.

Hapo tu kasoro zake unaziona. Makala ya juu kabisa ya baba ina nukuu 301. Ingekuwa na 30, au 30,000, tisa ingebaki tisa. Tena h haiwezi kuzidi idadi ya makala za mtu: mwenye makala 19 havuki 19 hata dunia nzima imnukuu. Yule profesa wa 90 lazima ana makala 90 au zaidi, na ni wachache sana wanaofikisha idadi hiyo peke yao. Ana maabara, ana wanafunzi wa uzamifu, ana fedha za utafiti zinazofika kila mwaka, na jina lake huwekwa kwenye mengi yanayotoka humo. Simlaumu. Ila binamu yenu alipoweka 9 kando ya 90 alilinganisha wavuvi wawili kwa kilo za mbuta bila kuuliza nani alikuwa na mashua ya injini na nani alikuwa na ndoana. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1968 kwamba sayansi ina tabia ile iliyosemwa katika Injili ya Mathayo, mwenye kitu huongezewa. Anayejulikana hunukuliwa kwa sababu anajulikana.

Halafu kuna jina. Hapa naomba msome polepole. Silitaji, lakini jina la baba yenu ni moja ya majina ambayo ukiyaita sokoni Kibuye watageuka watu thelathini. PubMed, hazina ya Marekani ya makala za tiba, ilianza kuandika majina kamili ya waandishi mwaka 2002. Kabla ya hapo iliweka jina la mwisho na herufi za mwanzo tu. Katika orodha yako, makala za zamani zina herufi moja kando ya jina lake, za baadaye zina mbili, na kuna moja ambayo jina la ubatizo limeachwa kabisa. Scopus, iliyoanza mwaka 2004, huunganisha makala na mwandishi kwa mashine, na mashine humkata mtu mmoja vipande viwili au huwashona watu wawili wakawa mmoja. Inawezekana kabisa kwamba tisa aliyoisoma binamu usiku ule ni ya kipande cha baba. Vijana wanaoanza utafiti leo nawasihi wachukue namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti mmoja tu, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ili watoto wao wasije wakaniandikia barua kama hii.

Kuna na majarida yenyewe. Makala ya kumi ya baba, ile yenye nukuu 6, ilitoka katika jarida la kanda yetu ya Afrika Mashariki. Majarida mengi ya bara hili hayamo ndani ya Scopus wala Web of Science, hazina nyingine ya nukuu. Mtafiti wa Mwanza au wa Gulu akimnukuu baba katika jarida la kwao lisilomo humo, mashine haioni. Amenukuliwa, lakini hakuna aliyehesabu.

Nikwambie niliyoyaona mwenyewe. Kabla ya intaneti kufika Kisumu, mvuto wa makala tuliushika kwa mikono. Mtafiti wa Brazil au wa India alikuwa akiona kichwa cha makala ndani ya Index Medicus, yale majuzuu mazito ya Marekani yaliyokoma kuchapishwa mwaka 2004, anatuma kadi ya posta kuomba nakala. Nilizipokea kadi hizo, nikatia nakala ndani ya bahasha za kaki, nikazipeleka posta. Watoto wa wafanyakazi waliniomba stempu. Kila ombi niliandika kwenye daftari, na daftari lile likanifunza jambo ambalo sikulitarajia: makala zilizoombwa kwa kadi hazikuwa ndizo zilizochakaa maktabani. Palikuwa na moja fupi, ya kurasa tatu, kuhusu kutia slaidi za damu rangi ya Giemsa pale maji yanapokuwa si safi. Wataalamu wa maabara walishuka kwa matatu kutoka Busia, Migori na Vihiga kuja kuinakili. Pini zilitoka, kona zikawa kahawia, mwishowe niliigandisha kwa selotepu. Watu hao hawakuandika makala maishani mwao. Walirudi kazini, wakasoma slaidi vizuri zaidi, na mtoto asiye na malaria hakupewa tena dawa ya malaria. Nukuu za makala ile sikuona zikizidi mbili.

Sasa twende Asembo na Gem, kule Siaya. Miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, waligawa neti zilizotiwa dawa kwa vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, vingine vikangoja zamu. Matokeo yalitoka mwaka 2003 katika toleo maalumu la American Journal of Tropical Medicine and Hygiene. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban asilimia 16. Lakini jambo lililonifanya nisome usiku ni jingine: hata maboma yasiyo na neti, yaliyokuwa ndani ya kama mita 300 kutoka kwenye maboma yenye neti, yalipata kinga inayokaribia ile ile. Mbu waliouawa na neti ya jirani hawakufika kwao. Mwaka 2006 serikali ikagawa mamilioni ya neti bure kwa watoto, na leo mama wa Rarieda anafunga neti juu ya kitanda jioni bila kumtaja mwandishi hata mmoja. Nukuu zinahesabu maboma yaliyopewa neti. Zile mita 300 hazina safu ya kuandikiwa katika Scopus, na watafiti wengi wa hapa, naamini na baba yenu, waliwafikia watu wao katika mita hizo.

Nukuu nyingi nazo si lazima ziwe sifa. Mojawapo ya makala zilizonukuliwa kuliko zote duniani ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima protini. Imepita nukuu 300,000, kwa sababu kila aliyepima alilazimika kuitaja. Na mwaka 1998 jarida la Lancet lilitoa makala ya Andrew Wakefield na wenzake, yenye watoto 12, iliyoashiria kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Haikuwa kweli, na jarida likaifuta mwaka 2010. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu, wengi wakiikanusha. Kwa hiyo binamu au mtu yeyote akikusomea hesabu, muulize nani alinukuu, na alinukuu akisema nini. Faharasa ya nukuu ilipendekezwa na Eugene Garfield mwaka 1955 kwa kazi hiyo hasa, kumfuata mwandishi mbele uone nani alimtaja na nani alimsahihisha. Nilikipenda chombo hicho na bado nakipenda. Mizani ya kupimia watu ilistawi juu yake baadaye. Mwaka 2012 wahariri na wanasayansi walikutana San Francisco, wakatoa azimio kwamba mtafiti apimwe kwa kazi aliyoifanya, si kwa kipimo cha jarida ilimotoka. Sisi tuliofanya kazi maktabani tulishangilia.

Kijitabu, basi. Mimi nisingeweka 684 wala 9. Ningeweka vichwa vya makala tatu, vyote kwa ukamilifu. Ya kwanza ni ile ya nukuu 77, kwa sababu humo baba ni jina la mbele, na katika tiba jina la mbele kwa kawaida ndiye aliyekesha na kazi ile. Ya pili ni ile ya 142, ambamo jina lake ni la mwisho: nafasi hiyo huachiwa mkubwa aliyewaongoza wenzake, kwa hiyo nyuma ya namba hiyo kuna vijana aliowalea, na wengine labda watakuja kwenye ibada; watafuteni. (Ile ya 301 yeye ni wa saba kati ya waandishi kumi na wanne. Ni heshima, ila si hiyo inayomweleza.) Ya tatu ni ya jarida la kanda yetu. Chini ya kila kichwa, aandike mtu mmoja aliyefanya naye kazi, sentensi mbili tu.

Na binamu mpeni kazi. Yeye ndiye anayeijua Scopus. Akae na mdogo wako, wafungue laptopu, watafute jina la baba kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, kisha wawaandikie Scopus warekebishe. Fomu ya ombi hilo ipo na haina malipo. Wataona jambo moja: h haishuki na haimgoji mtu awe hai. Ile makala ya kumi ina nukuu 6. Ikipata nne zaidi, kutoka popote, h ya baba itakuwa kumi.

Hujambo Bi. Mkutubi. *Mimi ni muuguzi, Kakamega. Nimeandika juu ya usafishaji wa vidonda vya wagonjwa wa kisukari katika wodi yetu. Nimepata barua pepe inayoniita "Profesa mashuhuri", wakisema wataichapisha ndani ya siku tano nikilipa dola 180, na kwamba jarida lao lina kipimo kikubwa cha nukuu. Nichangishe hizo pesa?* (Muuguzi, Kakamega)

Usichangishe. Siku tano hazitoshi wahakiki wawili kuisoma kazi yako, sembuse kuirudisha na maswali. Jarida la kweli huchukua majuma, mara nyingi miezi. Wanaokuita profesa hawajui wewe ni nani. Hicho kipimo wanachojigamba nacho, waulize kimetolewa na nani. Pesa zenyewe si dalili ya wizi: majarida mengi halali yanayosomwa bure huwatoza waandishi, na baadhi hupunguza au husamehe kwa watu wa nchi zetu ukiomba mapema. Litafute jarida ndani ya PubMed, ndani ya DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, na kwa majarida ya Afrika ndani ya AJOL, iliyoanza mwaka 1998. Mkutubi mwenzangu Jeffrey Beall wa Denver, Marekani, alikuwa na orodha ya majarida ya kutiliwa shaka hadi Januari 2017 alipoiondoa, na nakala zake za zamani bado zinazunguka. Zitazame kwa tahadhari kwani hazisahihishwi naye tena.

Kabla ya hayo yote, mwanangu: je, kamati ya maadili iliidhinisha kazi yako? Kama ulitumia kumbukumbu za wagonjwa bila kibali, anza hapo, hata kama itakurudisha nyuma mwaka mzima. Kazi ya vidonda vya kisukari inahitajika sana huku kwetu, na ningependa kuisoma ikiwa imesimama imara.

Bi. Mkutubi, *nasoma uzamili wa afya ya jamii. Msimamizi wangu ameniagiza niongeze makala zake nane kwenye marejeo ya tasnifu, ingawa saba hazihusiani na mada yangu. Tukichapisha, anataka jina lake liwe la kwanza. Data nilikusanya mimi, kwa miguu, Ugunja na Ukwala. Nifanyeje bila kumkosea mkubwa?* (Mwanafunzi, Siaya)

Ombi la makala nane lina jina lake: ni nukuu za kulazimishwa, na ni njia moja ya h za watu kunenepa. Ile moja inayohusiana itaje, tena vizuri, eleza imesema nini. Zile saba mwendee ofisini, si kwa ujumbe wa simu, ukiwa na tasnifu iliyochapwa, umwambie: "Mwalimu, naomba unionyeshe ni aya ipi kila moja inaingia." Mkubwa mwenye haya atazipunguza mwenyewe, na hutakuwa umemkatalia neno.

Juu ya jina, usiende na hasira, nenda na karatasi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au kukusanya data, au kuichambua, uwe umeandika au umeihakiki kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi yote. Mfuatano wa majina huamuliwa na waandishi wenyewe, na mazoea ya tiba ni kwamba aliyefanya sehemu kubwa hutangulia na msimamizi hukaa mwisho. Mwonyeshe kwamba nafasi ya mwisho ndiyo ya heshima yake. Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe siku hiyohiyo kwenye barua pepe mliyonakiliwa wote. Asipokubali, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili. Kimya ndicho kitakachokugharimu.

Habari ya siku nyingi, Mama Mkutubi. *Naendesha tuktuk, steji ya Nyalenda. Mwaka 2003, nikiwa na miaka 19, niliingia kwenye ule utafiti wa tohara na virusi vya Ukimwi. Tulipigiwa kura. Rafiki yangu akapashwa tohara, mimi nikaangukia upande wa kungoja miaka miwili. Tulipimwa damu mara kwa mara na kuulizwa mambo ya ndani ya mtu. Mzee wangu alikasirika, akasema alama ya Mjaluo ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, si hiyo. Juzi nimembeba mwanafunzi wa udaktari akaniambia utafiti wetu umenukuliwa dunia nzima. Nilifurahi, halafu nikajiuliza: jina langu liko wapi? Na huko kunukuliwa ni kitu gani hasa?* (Mmoja wa Wale Vijana, Kisumu)

Mwanangu, jina lako halimo, na halikuwekwa kwa makusudi. Mlipoulizwa mambo ya ndani mliahidiwa siri, na siri hiyo imetunzwa hadi leo. Ila wewe umo.

Utafiti wenu ulitoka katika Lancet Februari 2007. Jina la mbele ni Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, na miongoni mwa wenzake wamo Wakenya Kawango Agot na J. O. Ndinya-Achola. Wanaume 2,784 wa Kisumu, wenye miaka 18 hadi 24. Kura iliwaweka 1,391 upande wa tohara na 1,393 upande wa kungoja. Katika miaka miwili, walioambukizwa virusi upande wa rafiki yako walikuwa 22. Upande wako 47. Kwa asilimia ni 2.1 na 4.2. Desemba 2006 kamati huru iliyokuwa ikiwalinda washiriki ilipoona hesabu hizo ilisimamisha jaribio, kwa kuwa haikuwa haki tena kumngojesha mtu yeyote. Kuna jaribio jingine la Rakai, Uganda, ambalo katika toleo hilohilo la Lancet linaanza ukurasa unaofuata mara tu lenu linapokwisha, na la Orange Farm, Afrika Kusini, lilikuwa limetangulia mwaka 2005. Majibu ya yote matatu yakaelekea upande mmoja. Machi 2007 WHO na UNAIDS zikapendekeza tohara ya hiari kama kinga ya ziada kwa wanaume katika nchi zenye maambukizi mengi, na mwaka 2008 Kenya ikaanza mpango wake, Nyanza ikiwa mbele. Baadhi ya wazee walipinga kama mzee wako. Wengine walikaa wakasikiliza, wakasema hii ni dawa, haigusi mila. Kinga yenyewe si kamili, wewe unajua, kondomu haikustaafu.

Kunukuliwa ni hivi. Mtu akiandika huko Lusaka, Geneva au Port Moresby kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa, haruhusiwi kusema tu. Lazima aonyeshe amejuaje. Basi anaweka kinambari kidogo mwisho wa sentensi, na ukikifuata kinambari hicho hadi nyuma ya makala yake, kinakurudisha Kisumu, kwa vijana waliochomwa sindano mkononi na kujibu maswali ya aibu wakati hakuna aliyejua jibu lingekuwa lipi. Hilo limefanyika maelfu ya mara. Na wewe uliyengojeshwa ulikuwa na kazi nzito kuliko rafiki yako, naamini hivyo kabisa, kwa sababu bila upande wako 22 ile ingekuwa namba isiyo na cha kulinganishwa nacho.

Makala hiyo nimeichapa. Inaanzia ukurasa wa 643. Nitaiacha kwa mhariri, kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "Nyalenda", uichukue siku utakapopata abiria wa huku mjini. Penye jedwali la safu mbili, tazama safu yenye 1,393 juu yake. Nimeweka alama ya penseli pembeni.